Sifi Kabla ya Gauni Lile

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka hospitali leo, baada ya siku kumi na tisa. Daftari hili nimepewa na muuguzi wa kliniki ya moyo, yule mwenye sauti ya kengele. "Mama, kila asubuhi ukishakwenda chooni, kabla hujala, panda mizani uandike kilo. Zikiongezeka mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Njoo mbio." Nikamwambia nyumbani sina mizani. Akashusha pumzi kama mtu aliyeshasikia jibu hilo mara mia, akachukua utepe wake akanizungushia kifundo cha mguu wa kushoto. Sentimita ishirini na nne. "Basi pima hapa mpaka ununue. Ikifika ishirini na sita, usingoje kupambazuke."

Mizani sinunui. Mimi ni fundi wa nguo kwa miaka thelathini na minne, kazi yangu ni kupima watu. Futikamba ninayo shingoni.

Kwa hiyo moyo umechoka. Haujasimama, daktari anasema, umechoka kusukuma tu, na maji yanabaki nyuma, mengine yanashuka miguuni, mengine yanapanda mapafuni. Chumvi marufuku. Maji lita moja na nusu kwa siku, na chai imo humo humo. Vidonge sita asubuhi, kimoja ni cha kukojoa. Hicho nimekiita Askari, maana kikikuamuru hakuna kuuliza kosa ni lipi.

Hayo ni ya daktari. Sasa yangu.

Siku ya tatu nikiwa wodini na mrija wa hewa puani, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mjane kama mimi, mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika mkasi, aliingia dukani kwangu akachukua daftari la vipimo. Humo mna vifua, viuno na mabega ya wateja wangu wote. Kisha akapita nyumba kwa nyumba: "Fundi anachungulia kaburi. Nguo zenu nileteeni mimi." Nyumba kumi na moja, nimezihesabu. Wakamfuata wote, hata mke wa mfamasia, ambaye binti yake nimemshonea tangu sare za chekechea na sasa anaolewa tarehe 26 Aprili. Gauni lile lilikuwa langu! Januari bibi harusi alikuja likizo, nikampima kwa mikono hii, akarudi masomoni ng'ambo. Atafika siku tatu kabla ya harusi. Wifi atakata kwa namba zangu.

Naandika hapa, ingawa sitasahau: sifi kabla ya gauni lile. Nitamlipa wifi mbele ya watu. Bado sijui vipi.

Jumanne, 4 Machi

Mguu 23. Ona! Siku moja tu nyumbani na umepungua sentimita nzima. Hospitali ndiyo iliyokuwa inaniua.

Jumatano, 5 Machi

23. Mvua imeanza. Askari kanituma chooni mara nne.

Jumamosi, 8 Machi

23. Wifi amekuja kuniona. Amebeba mapapai, uso ameukunja kama wa mtu aliyeingia kanisani kachelewa.

"Wifi, umependeza. Umepungua."

"Nimepungua nini? Wateja?"

Akatazama sakafu. Binti yangu akakohoa, akaenda jikoni kutafuta sahani ambazo zilikuwa hapo hapo mezani.

"Nilikuwa nashikilia tu mpaka upone," wifi akasema.

"Nimeshapona. Daftari langu liko wapi?"

"Nitalileta nikimaliza gauni la harusi. Nimeshapokea kitambaa, wifi, watu wananitegemea."

Watu wanamtegemea! Mtu ambaye miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kunitilia vifungo. Nilitaka kumrushia papai, lakini hata papai lenyewe lilikuwa zito kwangu. Nilikaa nikihema kama nimepanda mlima, na yeye akanipepea kwa gazeti. Hilo la kunipepea ndilo lililoniuma kuliko yote. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, ningemwona mapema.

Alhamisi, 13 Machi

Kliniki. Kwenye benchi letu watu hawaulizani hali. Wanaulizana mito. Aliyenifunza ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mrefu mwenye koti lililomzidi. Kabla ya salamu akaniuliza, "Mingapi?" Sikuelewa. "Unalalia mito mingapi, mama? Mmoja, wewe mzima. Miwili, wewe mwenzetu. Mitatu, kaa karibu nami."

"Mitatu."

"Basi karibu." Akanisogezea nafasi.

Nikamhadithia habari za wifi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Una bahati. Mimi sina mtu wa kumchukia, nabaki kuwaza moyo tu mchana kutwa." Nikacheka. Muuguzi aliniuliza kilo nikasema mizani iko njiani.

Jumapili, 16 Machi

23. Mvua. Chakula bila chumvi ni sawa na kutafuna magazeti.

Ijumaa, 21 Machi

23 na nusu. Leo nimepata utamu wa mwaka mzima. Mwoka mikate wa mtaa wa pili kaja mwenyewe dukani, kavaa blauzi aliyoshonewa na wifi, hawezi kuinua mkono. "Fundi, nimenenepa au nimedhulumiwa?" Nikamzungusha, nikatazama kwapa. Imebana kifua, imebana kiuno, imebana kila mahali, kwa kiasi kile kile. Sikuweza kuelewa mtu anakoseaje hivyo. Mkono mbovu hukosea hapa na pale. Huyu kakosea sawasawa mwili mzima.

"Hujanenepa," nikamwambia. "Umekwenda kwa mwanafunzi."

Anasema si yeye peke yake. Sketi ya mke wa seremala haikupanda mapajani. Wifi anafumua usiku na mchana, anatoa akiba ya ndani ya mishono. Nimekula wali wangu usio na chumvi wote, nikalamba kijiko.

Alhamisi, 27 Machi

24. Kliniki. Mwalimu amefika mito minne. Midomo yake ina rangi ya wino. Nikamsimulia habari ya blauzi kwa madoido yote, akatabasamu, kisha akasema bila kunitazama:

"Mama, mimi naogopa. Usiku naogopa kufumba macho. Wewe huogopi?"

"Mimi? Sina nafasi ya kuogopa. Nina harusi."

Nilimjibu haraka mno. Alinipigapiga mkono kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyekosa hesabu nyepesi, kisha akaitwa.

Jumatano, 2 Aprili

24 na nusu. Mvua siku ya sita mfululizo. Ngazi tatu za duka, nimepumzika kwenye kila moja.

Jumamosi, 5 Aprili

25. Kiatu cha kushoto hakifungi. Lakini ishirini na tano si ishirini na sita. Muuguzi alisema ishirini na sita.

Jumanne, 8 Aprili

Lazima niandike taratibu.

Binti yangu kaniletea futikamba mpya. "Mama, hiyo yako namba zimefutika, unapapasa kama unatafuta swichi gizani." Akaenda kazini. Nikainyoosha ile mpya mezani, na yangu ubavuni mwake, mwanzo kwa mwanzo, nikazibana kwa pasi. Ile mpya ikaishia 150. Pale ilipoishia, yangu ilikuwa ndiyo kwanza inasoma 144, na mkia wake ukaning'inia nje ya meza.

Imevutika. Miaka kumi na miwili naizungusha kwenye viuno vya watu, naivuta, naitundika shingoni, na nguo ya utepe imelegea kidogo kidogo bila mimi kujua. Na hakuna aliyejua, kwa sababu niliyepima ni mimi na niliyekata ni mimi, kwa futikamba ile ile. Kosa liliingia kwenye kipimo likatokea kwenye mkasi, nguo ikakaa mwilini vizuri. Lakini wifi ana futikamba mpya ya dukani. Kachukua namba zangu, hakuchukua futikamba yangu. Ndiyo maana anabana mji mzima!

Lo! Nilicheka mpaka kikohozi kikanikaba. Kwenye daftari kiuno cha bibi harusi ni 70. Kiuno chake cha kweli ni 73. Kifua nimeandika 92, ni 96. Na kitambaa ni satini, nayo satini haisamehi. Ukifumua mshono, matundu ya sindano yanabaki pale pale watu wayaone. Jumamosi hii, binti kaniambia, wifi anakata. Bibi harusi atashuka kwenye ndege, atavaa, na gauni halitafunga. Mimi sitakuwa nimefanya lolote. Nitakuwa nimekaa tu.

Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa natazama mguu wangu.

Nikachukua futikamba mpya. Ishirini na sita na nusu.

Ningeenda hospitali leo hii, wangeniuliza imekuwaje nimechelewa. Ningesema futikamba. Binti yangu angesikia, na binti yangu na shangazi yake ni chanda na pete. Kufikia jioni wifi angeshajua na mkasi ungeshawekwa chini. Kwa hiyo nangoja Jumamosi. Siku nne. Nani kafa kwa siku nne? Nimeikunja futikamba mpya nikaificha ndani ya kopo la vifungo.

Jumatano, 9 Aprili

27 kwa mpya. Binti kaniuliza, "Leo ngapi, Mama?" Nikamsomea ya zamani: "Ishirini na sita kasoro." Si uongo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda kliniki kwa sababu binti alinifikisha hadi getini. Nikakaa kwenye benchi, miguu nimeifunika kwa shuka. Nafasi ya kushoto kwangu nikaishikilia kwa mkoba, nimngoje Mwalimu. Karani akaanza kuita majina. Akaita jina la Mwalimu. Akaliita tena. Muuguzi akatoka ndani, akamnong'oneza, karani akachukua faili lile, akaliweka peke yake upande wa pili wa meza, juu chini. Akaita jina jingine.

Hivyo tu. Hakuna hata aliyesimama.

Mtu alipoketi kwenye ile nafasi niliyokuwa nimeishikilia, niliinuka nikaondoka, zamu yangu nikaiacha. Mvua ilikuwa inanyesha na sikuweza kukimbia, hivyo nilitembea, nasimama, natembea, nashika kuta za watu. Nilikuwa namtukana wifi kwa sauti. Kila hatua na tusi lake. Nadhani nilifanya hivyo ili nisiwaze lile faili.

Ijumaa, 11 Aprili

Mito minne. Kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Saa kumi jioni binti kaingia, mwenyewe kafurahi: "Shangazi amemaliza kukata. Anasema satini imekaa mkasini kama siagi."

Nimeshinda. Nimejaribu kusema "hongera zake" nikashindwa kumaliza neno. Pumzi inaishia kooni. Kesho asubuhi nitasema habari ya mguu.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo ndiyo mkono umeweza kushika kalamu. Wodi ile ile, kitanda cha dirishani.

Jumapili alfajiri niliamka nazama. Kitanda kikavu, chumba kikavu, na mimi nazama. Nikajiburuta hadi kwenye kiti nikashika meza, nafungua mdomo, hewa haiingii, kifuani panatokota kama sufuria. Nilitaka kumwita binti, sauti hakuna. Nikasukuma mkasi mkubwa ukaanguka sakafuni. Akaja mbio. Akampigia simu shangazi yake, na wifi akaja na gari la mwoka mikate, yeye mwenyewe na nguo ya kulalia na matope hadi magotini.

Kulala siwezi, kwa hiyo aliingia nyuma ya gari kwanza, akaketi, akaniegemeza kifuani kwake nikae wima. Akanishika hivyo hadi hospitali. Sikioni kwangu anasema, "Vuta, wifi. Toa. Vuta. Usilale. Toa." Mtu niliyekuwa nimemwombea mabaya siku arobaini, na nilikuwa nimemshika mkono kwa kucha. Alama zake nimeziona jana, bado zipo.

Na nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: njiani sikuwaza gauni. Sikuwaza kisasi wala aibu ya mtu. Nilikuwa nasema moyoni nisife, nisife, nisife, kama mtoto anayeomba asichapwe.

Wametoa lita sita za maji mwilini mwangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Wifi kaja na mfuko mkubwa mweupe. Hakusalimu. Kapiga magoti kando ya kitanda, kafungua zipu ya mfuko, satini ikamwagika mapajani pake.

"Halifungi," akasema. "Jana kavaa. Vidole viwili mgongoni, halifungi. Wifi, nimepima mara tano. Namba ni zako, nimezifuata zote. Harusi keshokutwa. Mama yake analia, mimi nalia. Nimekosea wapi?"

Ndiyo saa niliyoingojea tangu Machi. Yuko chini, na mimi juu, na jibu ninalo. Nikalitafuna kwanza. Nikamwangalia nywele, ana mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

"Ulisema nachungulia kaburi," nikamwambia. Ilibidi nipumzike katikati. "Nyumba kumi na moja. Nitakwambia kosa liko wapi na dawa yake. Lakini ukishamaliza, utarudi nyumba zote kumi na moja, kwa miguu, useme ulidanganya."

Akainua uso. "Sikudanganya, wifi."

"Ebo!"

"Daktari alituita koridoni siku ya pili, mimi na binti yako. Akasema tujiandae, ni wa leo au kesho. Ufunguo wa duka alinipa binti yako, wateja wasipotee. Hatukukwambia ulipozinduka, tuliogopa." Alikuwa anakunja satini anakunjua. "La kutaka kuitwa fundi, hilo ni langu, silikatai. Nilitamani. Miaka kumi na minane natia vifungo. Lakini la kaburi sikulitunga mimi."

Nilikaa nikisikiliza mashine ya jirani ikilia. Hasira yangu ilitafuta mahali pa kushika, ikamkuta binti, ikamkuta daktari, ikanikuta mimi mwenyewe na shuka langu miguuni. Ilichukua muda kurudi kwake, lakini ilirudi. Nilikuwa hai, na alikuwa amekwenda kuuza kifo changu nyumba kwa nyumba.

"Utakwenda hata hivyo," nikasema.

"Nitakwenda."

Basi nikamwambia. Futikamba. Nikamwambia pia kwamba nilijua tangu Jumanne ile, kabla hajakata, na kwamba nilinyamaza. Akahesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, hadi Jumapili. Kisha akanitazama miguu.

"Ukaacha ujae maji kwa ajili ya gauni?"

"Kwa ajili yako."

"Mwendawazimu wewe," akasema, machozi yakimtoka. "Mwendawazimu kabisa."

Nikamwelekeza: toa zipu ya mgongoni, shona vitanzi pande zote mbili, pitisha kamba ya satini, weka kipande cha kitambaa chini yake ngozi isionekane. Mshono wowote mwingine usiuguse. Akatoka mbio na mfuko wake.

Jumamosi, 26 Aprili

Binti kanionyesha picha kwenye simu. Kamba zimekaa vizuri mno. Wageni wanasema ni mtindo mpya wa ng'ambo na wanampongeza wifi. Nilimeza mate tu, maana maji yangu ya leo nilikuwa nimeshayamaliza.

Jumatano, 30 Aprili

Nyumbani. Mizani imenunuliwa, imewekwa chooni kabisa nisiikwepe. Kilo 63.

Nimemgombeza binti kuhusu ufunguo na yale ya koridoni. Akasema, "Ulitaka nikwambie nini, Mama? Kwamba nimeambiwa nichague nguo ya kukuzikia?" Tukalia wote wawili. Kisha akaniambia nitapona, nisiwe na wasiwasi, kila mtu anasema nitapona. Muuguzi naye kasema hivyo. Mwoka mikate kasema hivyo. Daktari nilimuuliza jana nina muda gani, akasema wapo wanaokwenda miaka mingi, wapo wasiofika mwaka, na wanaoficha miguu ndio huanza kuondoka. Hakusema mimi ni wa kundi lipi.

Ijumaa, 2 Mei

63. Mvua kutwa nzima.

Wifi kaja jioni, kalowa chapachapa. Kazimaliza zote. Nilimsimamisha hapo hapo mlangoni atoe hesabu, nyumba kwa nyumba, na sitasema kwamba sikufurahi.

"Mke wa seremala?"

"Kanifokea mbele ya wanawe."

"Vizuri. Mwoka mikate?"

"Kasema alijua, wewe ni mbishi mno kufa."

"Mke wa mfamasia?"

"Kanikumbatia. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote."

"Na uliwaambia nini hasa?"

"Kwamba nilikosea. Kwamba fundi hafi."

Alikuwa anakamua pindo la sketi, maji yanachuruzika kwenye sakafu yangu. Nikamuuliza, "Na wewe unaamini hivyo?"

Hakuinua kichwa. "Hapana, wifi," akasema. "Si sana."

Tangu Februari hakuna mtu aliyenijibu hivyo. Nilingoja hasira ije kama kawaida yake, na haikuja. Kilichokuja ni lile jambo jingine, nililomnyima Mwalimu kwenye benchi na kulizika chini ya gauni msimu mzima. Likapanda hadi mdomoni.

"Naogopa," nikamwambia. "Naogopa kufa. Taa sizimi tena. Nikisikia usingizi unakuja najifinya."

"Najua. Nilikushika garini. Nilikuwa nausikia moyo wako kupitia mgongoni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Niliogopa na mimi. Nilijua ukifa, nitaitwa fundi kweli, na sikutaka tena."

Akavua viatu vilivyolowa, akazunguka kitanda, akapanda upande wa ukutani, akauvuta mto wangu mmoja akauegemea bila kuomba ruhusa. Tukakaa hivyo, wima, wajane wawili, tukisikiliza bati. Baada ya muda nikamwambia azime taa, akazima.

Naandika haya Jumamosi asubuhi. Ameshaondoka. Sijamsamehe. Nimemwambia leo asichelewe kuja.